Jinsi ya Kuifunga Protini F ya RSV Isifyatuke: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Kompyuta

Katika vikao vyetu vya jioni pale Wandegeya, Kampala, kuna zoezi moja linalorudi na makosa yaleyale kila muhula. Mwanafunzi anaombwa achague mabadiliko ya asidi amino (punje zinazoungana kutengeneza protini) yatakayoizuia protini F ya RSV, kirusi kinachoshambulia mapafu ya watoto wachanga, kubadili umbo, ili ifae kutengenezea chanjo. Anafungua faili, anapima, analeta orodha ya mabadiliko kumi. Tukiikagua, mengi hayawezekani, mengine yanaharibu sehemu ileile ambayo kingamwili hushika, na kuna ambayo namba zake zinaelekeza kwenye asidi amino nyingine kabisa.

Wanaokosea si wavivu. Wanakosea kwa sababu hatua tatu au nne hazielezwi popote kwa utulivu, na kikundi chetu kina Waganda, Wakongo kutoka Bunia, Watanzania na Wakenya ambao mambo haya huyaelewa upesi zaidi yakisemwa kwa Kiswahili. Na kazi yenyewe ni nzito. Makadirio ya mwaka 2019 yanaonyesha RSV iliua zaidi ya watoto 100,000 wa chini ya miaka 5 duniani, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtoto mchanga anayehema kwa shida, kifua kikiingia ndani kila anapovuta pumzi, hahitaji kuelezwa Uganda.

Ukifuata hatua hizi hadi mwisho utakuwa na ukurasa mmoja wa mabadiliko unaoweza kuyatetea mbele ya mtu wa maabara.

## Shika hili kwanza

Protini F ni mtego. Juu ya kirusi inakaa imetegwa. Ikifyatuka, inachoma utando wa seli, inajikunja upya na kuuvuta utando wa kirusi hadi viungane. Ikishafyatuka hairudi. Tatizo la watengeneza chanjo ni kwamba ukiitoa protini hiyo peke yake, mara nyingi hufyatuka yenyewe bila hata kuguswa.

Kingamwili zenye nguvu zaidi hushika kichwa cha mtego *uliotegwa*. Mtego ukifyatuka, kichwa hicho hakipo tena. Ukiupa mwili protini iliyofyatuka, unaufundisha kumtambua adui kwa sura ambayo hatakuja nayo.

Kwa hiyo kila badiliko unalopendekeza lazima lijibu maswali matatu. Je, linakaa vizuri katika umbo lililotegwa? Je, linalikataa umbo lililofyatuka? Je, linauacha uso unaoshikwa na kingamwili ulivyo? Karibu kila orodha iliyoshindwa niliyoiona ilijibu swali la kwanza peke yake.

## Mahitaji

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8. Yenye GB 4 itakubali ukifunga kila kitu kingine.
- Mausi yenye gurudumu. Kugeuza protini kwa kidole kwenye laptopu kutakuchosha kabla ya nusu saa.
- Programu ya ChimeraX, ambayo ni bure kwa masomo na utafiti usio wa biashara. Ni kubwa, kwa hiyo ipakue penye Wi-Fi ya chuo, usimalize bando lako.
- Faili tatu kutoka hifadhi ya miundo ya protini, PDB: 4JHW (umbo lililotegwa, likiwa limeshikwa na kingamwili ya D25), 3RRR (umbo lililofyatuka) na 4MMU (umbo lililotegwa ambalo tayari limefungwa na watafiti, hili ni la kusahihishia).
- Mfuatano kamili wa protini F kutoka UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini, namba P03420. Una asidi amino 574.
- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu tano: namba, asidi ya asili, asidi mpya, kipimo katika umbo lililotegwa, kipimo katika umbo lililofyatuka.

Huhitaji kirusi wala maabara. Tunashughulika na umbo la protini kwenye skrini, na hata protini hiyo ikitengenezwa baadaye, peke yake haiwezi kumwambukiza mtu.

## Hatua ya 1: Pakua, hifadhi, fungua kwa mpangilio

Hifadhi faili zote tatu kwenye diski kabla ya kuanza. Umeme ukikatika au mtandao ukilala katikati ya kazi, bado utakuwa nazo.

Zifungue kwa mpangilio huu bila kuubadilisha, maana ChimeraX huzipa namba kwa kufuata zamu:

`open 4jhw`
`open 3rrr`
`open 4mmu`

Sasa #1 ndilo lililotegwa, #2 lililofyatuka, #3 la kusahihishia. Amri zote zinazofuata zinategemea namba hizo.

Ukifaulu utaona miundo mitatu, na orodha ya minyororo ya kila mmoja kwenye kidirisha cha kumbukumbu. Katika 4JHW, mnyororo F ndio protini yetu, H na L ni za kingamwili. Andika herufi hizo daftarini.

## Hatua ya 2: Hakiki namba kabla ya kupima chochote

Hapa ndipo wengi huzama, nami niliwahi kuzama. Nilitumia wiki sita kupanga mabadiliko kwa hesabu ya vidole, na nikayapeleka maabara. Yalirudi na swali moja fupi: "Hii serini yako iko wapi?" Haikuwepo. Nilikuwa nimehesabu kutoka mwanzo usio sahihi.

Sababu ni hii. Namba za protini F huanza kwenye methionini ya kwanza kabisa ya mfuatano kamili. Lakini protini iliyokomaa haina vipande viwili: asidi amino 25 za mwanzo, ambazo ni kiongozi tu kinachokatwa, na kipande cha katikati, 110 hadi 136, kinachong'olewa na kimeng'enya furini. Ukinakili mfuatano wa protini iliyokomaa na kuhesabu herufi, asidi amino ya 155 utaikuta ni herufi ya 103. Ile ya 290 itakuwa herufi ya 238. Tofauti yenyewe si ileile kote: kabla ya 110 umepungukiwa na 25, baada ya 136 umepungukiwa na 52. Ndiyo maana kuongeza namba moja kwa zote hakusaidii.

Usihesabu kwa mkono. Iulize programu:

`select #1/F:155,190,207,290`

Ukipitisha kishale juu ya kila moja, usome: 155 serini, 190 serini, 207 valini, 290 serini. Zikilingana na P03420, endelea. Moja tu isipolingana, simama hapo. Hakuna hatua inayofuata itakayokuwa na maana.

## Hatua ya 3: Jenga protini nzima

Protini F husimama tatu kwa pamoja, zimesukwa kama mafiga yanayoegemeana. Faili la 4JHW limebeba theluthi moja tu, kwa sababu ndani ya fuwele ya protini iliyotumika kuupata muundo huo, sehemu nyingine mbili ni nakala zake. Asiyejua hili huchagua badiliko "lililo nje", kumbe liko katikati kabisa, kwenye mgusano na jirani.

`sym #1 assembly 1`

Nakala kamili itatokea kama kielelezo kipya. Itazame kutoka juu: utaona ncha tatu zilizopangika sawasawa, na kingamwili ya D25 ikitokeza pembeni ya kila kichwa. Usiifute hiyo kingamwili. Inakuonyesha kwa macho mahali ambapo mkono wako haupaswi kugusa.

## Hatua ya 4: Linganisha maumbo mawili

`matchmaker #2 to #1/F`
`color #1/F:137-216,461-513 orange`
`color #2:137-216,461-513 orange`

Zingatia `/F` kwenye mstari wa pili. Ukiisahau, utapaka rangi na sehemu za kingamwili zenye namba hizohizo, kisha utaandika daftarini kwamba protini imehamia mahali ambapo haijawahi kufika. Imetokea.

Sehemu za rangi ya chungwa ndizo zinazohama mtego ukifyatuka. Katika umbo lililotegwa, 137–216 imejikunja kichwani na kandokando. Katika lililofyatuka, sehemu kubwa yake imenyooka ikawa msokoto mmoja mrefu, na protini nzima imerefuka kutoka takribani angstromu 110 hadi karibu 170 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Zilizobaki hukaa karibu palepale.

Wapo wanaodhani programu imeharibika kwa sababu vichwa havilingani. Havipaswi kulingana. Pia usishangae mwanzo wa kipande cha 137 ukikosekana katika 3RRR: ncha ile ya kuchomea iliondolewa ili protini zisigandamane wakati wa kutengeneza fuwele.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole: "Hapa hapahami, hapa panahama." Mabadiliko yako mengi yatatoka mpakani mwa sehemu hizo mbili, kwa sababu ukiifunga inayohama kwenye isiyohama, mtego haufyatuki.

## Hatua ya 5: Chora mipaka ya kutogusa

Kabla ya kuchagua, andika kwa wino mwekundu:

- Eneo linaloshikwa na D25: takribani 62–69 na 196–209. Hili lipo kwenye umbo lililotegwa pekee.
- Sehemu zinazobeba sukari kwenye protini iliyokomaa: asparajini 27, 70 na 500. Sukari hufungwa penye mpangilio wa asparajini, kisha yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Ukibadilisha ya tatu, umeing'oa sukari. Ukiunda mpangilio huo mahali papya, umeongeza sukari bila kujua, na inaweza kufunika kile unachotaka mwili ukione.
- Sisteini zote za asili. Sisteini mbili zikishikana kwa salfa zao huunda daraja. Mbili kati ya madaraja hayo, 69–212 na 37–439, ndizo zinazoshikanisha kile kipande kifupi, F2, na kirefu, F1.

Lakini mipaka hii isomwe kwa akili. Valini ya 207 imo ndani ya eneo la D25 ukiangalia namba tu, na wanafunzi makini huikwepa kwa sababu hiyo. Igeuze uitazame kwa karibu. Msokoto ule una upande unaotazama nje, kwa kingamwili, na upande unaotazama ndani, na mkono wa 207, yaani sehemu yake inayochomoza kutoka kwenye kamba, umeelekea ndani, kwenye tundu lisilofika kingamwili. Ndiyo maana inaweza kubadilishwa na D25 ikaendelea kushika kama kawaida. Namba inakuambia asidi amino iko wapi kwenye kamba. Haikuambii imeelekea wapi.

## Hatua ya 6: Weka komeo

Komeo ni daraja la salfa: unabadilisha asidi amino mbili ziwe sisteini, nazo zinashikana. Likikaa mahali pake, hakuna kifungo kinacholizidi. Likikosewa, unabaki na sisteini mbili huru zinazotafuta wa kushikana naye, na protini huganda.

Anza na kipimo cha uhakika, daraja ambalo tayari lipo:

`distance #1/F:69@SG #1/F:212@SG`

Jibu litakuwa karibu na angstromu 2. Hivyo ndivyo salfa mbili zilizoshikana zinavyokaa. Ukipata namba nyingine kabisa, umekosea amri au mnyororo. Usiruke kipimo hiki. Dada mmoja wa kikundi chetu aliniletea laptopu yake akasema, "Mwalimu, wewe unapata nne na kitu, mimi napata namba kubwa mno." Tulipopima 69 na 212 tukaona tatizo hapohapo: aliandika H mahali pa F kwenye 155, akawa anapima kutoka ndani ya kingamwili.

Sasa pima jozi yenyewe. Kwa kuwa bado ni serini, hazina salfa, kwa hiyo tunapima kaboni beta, ile inayobeba mkono wa asidi amino:

`distance #1/F:155@CB #1/F:290@CB`

Utapata takribani angstromu 4.4. Katika madaraja ya asili kaboni beta hukaa kati ya 3.4 na 4.5 hivi, kwa hiyo jozi hii inafaa. Nyingi za orodha zilizokataliwa zilikuwa na 7, 8, hata 10, mwenye kazi akitumaini protini "itajisogeza". Haijisogezi kiasi hicho bila kuharibika.

Kisha kipimo ambacho wengi hukiacha:

`distance #2/B:155@CB #2/B:290@CB`

(Badilisha B kwa herufi inayobeba F1 kwenye orodha yako kama ni tofauti, na utumie herufi moja kwa zote mbili. Ukichanganya minyororo utapima umbali wa kwenda kwa jirani.)

Namba itapita angstromu 100. Itazame tena hiyo namba. Asidi amino mbili zilizokuwa zimegusana, mtego ukifyatuka zinaachana kwa umbali unaokaribia urefu wa protini nzima. Zikifungwa pamoja kwa daraja, mtego hauna pa kwenda. Hii ndiyo sura ya badiliko zuri: nne upande mmoja, mia na zaidi upande wa pili.

Jozi iliyo na 4.4 kwenye umbo lililotegwa na 4.6 kwenye lililofyatuka haina kazi yoyote. Inafunga mlango ambao mtego haupitii. Ifute kwenye orodha hata kama inapendeza kwa macho.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuandika jozi daftarini:

1. Hakuna sisteini ya asili karibu inayoweza kuiba mmoja wa wachumba.
2. Asidi amino zote mbili zinaonekana wazi kwenye muundo, hazipo kwenye kitanzi kinachoning'inia.
3. Unajua kama daraja liko ndani ya protini moja au kati ya jirani wawili. Kati ya jirani linawezekana, ila hukumu yake ni ngumu zaidi, maana daraja moja bovu linaharibu zote tatu. Kwa anayeanza nashauri la ndani.

## Hatua ya 7: Gongomea kabari

Ndani ya kichwa cha mtego kuna tundu. Umbo lenye tundu ndani ni legelege, kama mlango usioshika vizuri kwenye fremu. Dawa yake ni kabari: badilisha asidi amino ndogo iliyo ukingoni mwa tundu kwa kubwa inayochukia maji, ijaze nafasi.

Lione tundu kwanza. Matoleo ya karibuni ya ChimeraX yana amri hii:

`kvfinder #1/F`

Kisha jaribu mabadiliko mawili maarufu:

`swapaa #1/F:190 phe`
`swapaa #1/F:207 leu`
`clashes #1/F:190,207`

Serini ya 190 inakuwa fenilalanini, yenye pete pana, na valini ya 207 inakuwa lusini. Mistari ya mgongano ikiwa michache, kabari imeingia. Ikijaa kama miiba ya nungunungu, umegongomea mti mkubwa kwenye tundu dogo: jaribu mkao mwingine wa mkono huohuo, na ukishindikana, chagua asidi amino ndogo zaidi.

Tahadhari moja nzito: kabari ni ya ndani tu. Fenilalanini ikikaa usoni mwa protini huvutia nyingine, zinashikamana, na maabara hupata uji mzito badala ya protini. Geuza muundo, uone kama mkono umezungukwa pande zote.

## Hatua ya 8: Prolini mahali pa kuinuka

Kumbuka ule msokoto mrefu wa Hatua ya 4. Ili unyooke, vitanzi vilivyokuwa vimejikunja hugeuka kuwa msokoto. Prolini haipendi kukaa katikati ya msokoto: uti wake umefungwa pete, na haina haidrojeni ya kushikana na mwenzake wa zamu ya nyuma. Ukiiweka kwenye kitanzi kinachotakiwa kunyooka, inakuwa jiwe chini ya gurudumu.

Katika RSV mfano ni serini ya 215 kuwa prolini. Pima pembe kabla:

`torsion #1/F:214@C #1/F:215@N #1/F:215@CA #1/F:215@C`

Prolini huvumilia pembe ya takribani nyuzi -50 hadi -90 tu. Nje ya hapo utaivunja protini iliyotegwa badala ya kuifunga. Halafu nenda kwenye #2 uone kama namba hiyohiyo imo ndani ya msokoto au mpakani pake. Kama haikaribii msokoto, prolini yako haizuii kitu.

Mbinu hii ndiyo iliyobeba chanjo nyingi za COVID-19. Katika protini ya mwiba ya SARS-CoV-2, asidi amino 986 na 987 zilifanywa prolini zote mbili. Baadaye ziliongezwa nne, 817, 892, 899 na 942, na protini ikatoka kwa wingi mara kumi hivi kuliko ile ya prolini mbili. Hilo ni muhimu sana kwa nchi kama zetu: protini imara huvunwa nyingi zaidi kwenye chupa ileile, na gharama ya dozi hushuka.

## Hatua ya 9: Shina

Ukikata protini F kwenye 513 ili itoke nje ya seli, zile tatu huanza kuachana miguuni. Watafiti huongeza kipande kifupi kiitwacho foldoni, kutoka virusi vya T4 vya bakteria, kinachozifunga tatu pamoja. Andika kwenye ukurasa wako: "1–513 pamoja na foldoni." Usipoandika, mtu wa maabara atauliza, na kama asipouliza, utapata protini mojamoja ambazo kichwa chake hakisimami.

## Hatua ya 10: Jisahihishe

Sasa, si kabla, ichunguze #3. Humo 155 na 290 zimekuwa sisteini, 190 ni fenilalanini, 207 ni lusini. Pima salfa za 155 na 290 kwa herufi ya mnyororo iliyo kwenye orodha yako. Zitakuwa karibu na angstromu 2, sawa na zile za 69 na 212. Muundo huu, uitwao DS-Cav1, ndio msingi wa protini iliyo ndani ya chanjo ya Arexvy, iliyoidhinishwa mwaka 2023. Mwaka huohuo iliidhinishwa Abrysvo, nayo ikibeba protini F iliyofungwa katika umbo lililotegwa, na hiyo huchomwa pia akina mama wajawazito ili mtoto azaliwe na kinga.

Neno kuhusu programu za akili bandia zinazotabiri umbo la protini. Wengi huniletea picha safi ya utabiri na kusema, "Mwalimu, imekubali." Programu hizo zimefundishwa kwa miundo iliyopo, nazo hukupa umbo linalofanana na yale ziliyoyaona. Badiliko moja la asidi amino mara nyingi halizishtui hata kidogo, liwe zuri au la kuua. Zitumie kuona umbo, usizitumie kama hakimu wa uimara. Vipimo viwili vya Hatua ya 6 vina uzito kuliko picha yoyote yenye rangi nzuri.

## Hatua ya 11: Ukurasa wa kupeleka maabara

Kama una mtu wa maabara, iwe Makerere, iwe Entebbe kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, usimpelekee faili la ChimeraX. Mpelekee ukurasa mmoja:

- Mabadiliko yasiyozidi manne au matano, kila moja likiwa na sababu ya mstari mmoja na vipimo vyote viwili.
- Namba ya mfuatano uliotumia, P03420, ili asikisie hesabu yako inaanzia wapi.
- Protini ya asili isiyobadilishwa, na DS-Cav1, kama mizani ya pande mbili.
- Kila badiliko likiwa peke yake, kisha yakiwa pamoja. Ukiyapeleka pamoja tu na yakashindwa, hutajua ni lipi lililoharibu.

Mwambie pia utapima kwa kutumia kitu gani. D25 hushika umbo lililotegwa pekee. Palivizumabu, kingamwili nyingine, hushika eneo jingine, kati ya 254 na 277 hivi, ambalo lipo katika maumbo yote mawili. Kwa hiyo palivizumabu inakuambia kama protini ipo, na D25 inakuambia kama bado imetegwa.

Protini huwekwa kwenye joto kwa saa moja, kisha kingamwili zote mbili hujaribiwa tena. Palivizumabu ikishika na D25 ikaachia, mtego umefyatuka: rudi Hatua ya 6 ukague upande wa pili wa vipimo vyako. Zikiachia zote mbili, protini imeharibika kabisa, na mara nyingi kosa liko kwenye kabari au prolini. Zikishika zote mbili kama zilivyoshika kabla ya joto, andika tarehe, weka saini, na umwombe mtu wa maabara arudie mara mbili zaidi kwa protini iliyotengenezwa siku tofauti.